Dawa ya Kusukutua Yenye Floraidi

Meno huanza kuoza pale bakteria wa kinywani wanapoila sukari iliyonasa kwenye meno na kutoa asidi, ambayo huyeyusha polepole madini ya enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, hadi litokee doa jeupe lisilong'aa, ambalo bado si tundu na laweza kurekebishika. Hapo ndipo floraidi inapofaa: mtu anaposukutua, chembe zake hubaki katika mate, zikisaidia kalisi na fosfeti kurudi mahali palipodhoofika, na enameli inayojengeka upya huwa sugu zaidi kwa asidi.

Dawa ya kila siku huwa na takriban asilimia 0.05 ya sodiamu floraidi. Husukutuliwa kwa dakika moja, ikatemwa, na mtu asile wala kunywa kwa nusu saa. Mtoto wa chini ya miaka 6 asipewe, kwani huenda akaimeza, na tahadhari hii ni nzito zaidi sehemu za Arusha, ambako maji mengi yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na wakazi wengi wana madoa ya kahawia menoni tangu utotoni kwa sababu ya floraidi hiyo nyingi.