Shoti ya Umeme Inaweza Kukuvunja Mfupa Hata Kama Hukuanguka

Mtu akipigwa shoti, wanaomzunguka huangalia mambo mawili: anapumua? Ameungua? Wakiona anapumua na ngozi iko sawa, wanamwambia apumzike na amshukuru Mungu. Kesho yake bega linamuuma, mkono hauinuki, na kila mtu anamwambia ni misuli tu, itapoa.

Wakati mwingine si misuli. Mfupa umevunjika au bega limeteguka, na hakuna aliyelitazama.

Umeme unavunjaje mfupa?

Umeme wenyewe haugongi mfupa kama nyundo. Anayeuvunja mfupa ni msuli wako mwenyewe.

Misuli hufanya kazi kwa ishara ndogo sana za umeme zinazotoka kwenye ubongo. Ukikunja mkono, msuli wa mbele hukaza na wa nyuma hulegea. Misuli hupeana nafasi, ndiyo maana mifupa iko salama.

Shoti haina simile hiyo. Umeme wa nyumbani, volti 240 Kenya na 230 Tanzania, huja kwa mawimbi 50 kila sekunde. Msuli unasukumwa kukaza tena kabla haujapata nafasi ya kulegea. Misuli yote ya mkono, kifua na mgongo hukaza kwa pamoja, kwa nguvu ambazo mtu hawezi kuzitumia kwa hiari yake. Mfupa ukiwa katikati ya mvutano huo unaweza kuvunjika, au kichwa chake kikachomoka kwenye kiungo.

Hapo ndipo pia mtu "ananaswa" na waya. Misuli ya kukunja vidole ina nguvu kuliko ya kuvifungua, kwa hiyo kiganja hujifunga na kushindwa kuachia. Kwa watu wengi, miliampia 10 hadi 20 tu zinatosha kufanya hivyo. Balbu ya zamani ya wati 60 huvuta takriban miliampia 250.

Hili si jambo jipya

Mwaka 1938, madaktari Ugo Cerletti na Lucio Bini wa Rome, Italia, walianza kutibu magonjwa ya akili kwa kupitisha umeme kichwani ili kuleta degedege. Wagonjwa walikuwa wamelala kitandani, hawaanguki popote. Hata hivyo, miaka hiyo ya mwanzo baadhi ya waliotibiwa hivyo walivunjika pingili za uti wa mgongo kwa sababu ya misuli kukaza. Baadaye madaktari wakaanza kuwapa dawa ya kulegeza misuli kabla ya matibabu, na hufanya hivyo hadi leo.

Kwa hiyo kauli ya "hakuanguka, basi hawezi kuwa amevunjika" si ya kweli.

Bega ndilo linaloumia kwa siri

Mabega mengi yanayoteguka hutoka kwa mbele, kwa mfano mtu akianguka mpirani. Hayo huonekana haraka. Yanayotoka kwa nyuma ni machache, chini ya 5 kwa kila 100, na shoti ya umeme na kifafa ni kati ya sababu zake kubwa.

Sababu ni ileile ya misuli. Inayozungusha mkono kwa ndani, ya kifua na mgongo, ina nguvu kuliko inayouzungusha kwa nje. Yote ikikaza pamoja, ile yenye nguvu inashinda na kichwa cha mfupa wa mkono kinasukumwa nyuma. Inaweza hata kutokea mabega yote mawili kwa mara moja.

Tatizo ni kwamba eksirei iliyopigwa kwa mbele peke yake inaweza kuonyesha bega ambalo linakaribia kuwa la kawaida. Mgonjwa anapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Wiki zikipita, kichwa cha mfupa kinabonyea pale kilipokwama, na bega ambalo lingerudishwa mapema bila kupasuliwa sasa linahitaji upasuaji.

Dalili za kuangalia ni hizi:

- Mkono umeng'ang'ania tumboni, na mtu anashindwa kuuzungusha kwa nje.
- Anashindwa kugeuza kiganja kikatazama juu huku amenyoosha mkono.
- Bega limekuwa bapa kwa mbele, au limevimba kwa nyuma.

Sehemu nyingine

Shoti inaweza pia kuvunja mfupa wa juu wa mkono karibu na bega, mfupa mpana wa nyuma ya bega, pingili za mgongo, na shingo ya mfupa wa paja kwenye nyonga. Wazee wenye mifupa iliyopungua nguvu wako hatarini zaidi.

Kwenye laini za msongo mkubwa kuna hatari ya ziada: joto. Kati ya sehemu zilizo chini ya ngozi, mfupa ndio unaopinga umeme zaidi, na palipo na upinzani joto hupanda. Nyama iliyoshikana na mfupa inaweza kuungua kwa ndani wakati juu kuna kidonda kidogo tu.

Usisahau pia wanaopigwa shoti wakiwa kwenye paa, ngazi au nguzo. Hao huumizwa mara mbili, na umeme na kisha na ardhi.

Ufanye nini?

1. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kumgusa mtu. Ukishindwa, na ni umeme wa nyumbani, simama mahali pakavu umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Waya wa laini kubwa ukiwa umeanguka, kaa mbali na upigie shirika la umeme; mti hautakusaidia.

2. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua na mwite mtu atafute gari. Moyo na pumzi kwanza, mfupa baadaye.

3. Kama ameanguka au mgongo unamuuma, usimkalishe wala kumgeuzageuza.

4. Mkono unaouma ufunge kwa kanga au kitambaa ukae vile ulivyo. Usiuvute. Usikubali akandwe wala "kurudishwa" na mkandaji kabla ya picha, maana mfupa uliovunjika ukivutwa unaweza kukata mishipa.

5. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi au cola, rudi hospitali siku hiyohiyo. Ni dalili kwamba misuli imeharibika na figo ziko hatarini.

Mwambie daktari

Ukifika hospitali usiseme tu "bega linauma". Sema: "Nilipigwa shoti." Kisha uliza kama bega limepigwa picha ya pembeni pia, si ya mbele peke yake. Daktari akijua kwamba kisa ni umeme, atajua atafute nini. Asipojua, bega lililotokea nyuma linaweza kukaa hivyo miezi huku mwenyewe akijipaka dawa ya misuli.