Nafasi Ipo, Gemu Inagoma

Kuna watu hostel wanafuta picha zote ili gemu iingie, halafu Play Store inawajibu vilevile: kifaa chako hakiendani na toleo hili. Nafasi haihusiki hapo. Mtengenezaji wa gemu ndiye anayetaja toleo la chini kabisa la Android analolikubali; simu iliyo chini ya hapo inazuiwa mlangoni.

Kikwazo kingine ni biti. Simu nyingi za zamani ni za biti 32, na gemu iliyotengenezwa kwa biti 64 pekee haifunguki humo. Kinyume chake pia kipo. Mwaka 2017 Apple walitoa iOS 11, na gemu za biti 32 zikafa kwenye kila iPhone na iPad iliyopokea toleo hilo. Aliyebaki na iPhone 5, iliyoishia iOS 10, akaendelea kucheza gemu zake za kale huku wenye simu mpya wakizikosa. Inachekesha, ila ndivyo.

Kwa hiyo kabla bumu halijaishia kwenye memori kadi, fungua mipangilio, nenda sehemu ya kuhusu simu, usome toleo la Android. Mafaili ya gemu yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp siyashauri: hujui yamefungashwa na nini, na simu hiyohiyo ndiyo yenye pesa zako na noti za mtihani.