Jina la Sumbawanga na Mpaka wa Utani na Tusi

Katika pragmatiki, yaani tawi la isimu linalochunguza maana ya usemi kwa kuzingatia nani anasema, anamwambia nani na mbele ya nani, tusi huhesabiwa kuwa tendo linalofanywa kwa maneno, sawa na kuahidi, kuapa au kuomba radhi, lakini ni tendo la namna ya pekee kwa sababu halina kitenzi cha kulitekeleza. Anayesema "naahidi" amekwisha kuahidi, na anayesema "naapa" amekwisha kuapa, ilhali anayesema "nakutukana" hajamtukana mtu yeyote. J. L. Austin, mwanafalsafa wa Oxford ambaye mihadhara yake juu ya matendo ya maneno ilichapishwa mwaka 1962, miaka miwili baada ya kifo chake, aliligundua jambo hili katika Kiingereza, na hali ni hiyo hiyo katika Kihispania na katika Kiswahili. Kwa kuwa hana kitenzi cha kumtimizia haja yake, mwenye kutukana hulazimika kupitia kwingine: kwenye jina la mnyama, kwenye kiungo cha mwili, kwa mama wa mtu, au kwenye jina la mahali mtu alikozaliwa. Njia hii ya mwisho inawahusu sana Wafipa, wenyeji wa nyanda za juu za Ufipa, kuanzia Sumbawanga mjini hadi kata ya Kate wilayani Nkasi, ambao kwao kutaja wanakotoka, wakiwa mbali na nyumbani, mara nyingi hujibiwa kwa kicheko na swali la uchawi.

Kila lugha ina vifaa vyake vya kumshusha mtu. Kihispania kina viwakilishi viwili vya mtu anayeambiwa, "tú" kwa aliye karibu na "usted" kwa anayestahili heshima, kiasi kwamba kuhama ghafla kutoka cha pili kwenda cha kwanza kunaweza kuwa dharau tosha bila neno chafu hata moja. Kiingereza nacho kilikuwa na tofauti kama hiyo, na katika kesi ya uhaini ya Walter Raleigh iliyosikilizwa Winchester mwaka 1603, mwendesha mashtaka Edward Coke alimwita mshtakiwa kwa kiwakilishi cha watu wa chini, "thou", makusudi ili kumvunjia hadhi mbele ya baraza. Kihispania pia hutumia viambishi tamati, kwani "mujer" ni mwanamke wa kawaida, lakini "mujerzuela" ni mwanamke aliyekwisha kuvuliwa heshima, na kilichobadilika ni mkia wa neno tu.

Kiswahili hufanya kazi hiyo mwanzoni mwa neno, na huifanya kwa ukali kuliko lugha hizo mbili. Mtu yumo katika ngeli ya A-WA, pamoja na wanyama, lakini msemaji akitaka kumdunisha humhamishia katika ngeli ya KI-VI, naye huwa "kijitu", au katika ngeli ya LI-YA, naye huwa "jitu". Jambo haliishii kwenye nomino, kwa maana upatanisho wa kisarufi huieneza dharau hiyo katika sentensi nzima: badala ya "mtu huyu amekuja na mzigo wake", husemwa "kijitu hiki kimekuja na mzigo wake", na kila kiambishi "ki" kinapotamkwa mtu yule huondolewa tena miongoni mwa watu. Hakuna neno hata moja katika sentensi hiyo ambalo mhariri wa gazeti angelifuta kwa uchafu, na bado mzaliwa wa lugha akiisikia hana shaka kwamba mtu ametukanwa.

Sarufi hiyo hiyo hutofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi katika mijadala ya hadhara, nayo ni kutukanwa na kuudhika. "Kutukanwa" ni kauli ya kutendwa, na nyuma yake yupo mtendaji anayeweza kutajwa na kuulizwa, kwa maana mtu hutukanwa na fulani. "Kuudhika" ni kauli ya kutendeka, inayoeleza hali iliyomfika mtu bila kulazimika kumtaja aliyeisababisha. Kihispania kina mpaka unaofanana na huo kati ya "insultar", ambalo ni tendo la msemaji, na "ofenderse", ambalo humfanya msikilizaji kuwa mwenye tendo, kana kwamba amejichoma moyo mwenyewe. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu msemaji aliyeumiza wengine hupenda kukimbilia upande wa pili: hudai kwamba hakutukana, ila wenzake wameudhika kwa kuwa hawajui utani.

Masimulizi yanayojulikana zaidi kuhusu jina la Sumbawanga hulieleza kuwa ni muungano wa kitenzi chenye maana ya kutupa na neno "wanga", yaani uchawi, ambalo halina ugeni kwa msemaji wa Kiswahili anayemwita mchawi wa usiku "mwanga". Ikiwa masimulizi hayo yatafuatwa, jina hilo ni amri, na amri hiyo humtaka anayeingia mjini auache uchawi wake nje. Mzaha unaosikika katika vituo vya mabasi, mabwenini na maofisini umeipindua amri hiyo kabisa, ukaufanya mji uliotaka uchawi utupwe uonekane kuwa ghala la uchawi. Ungo, chombo ambacho mwanamke wa Nkasi hupepetea mahindi na ulezi asubuhi mbele ya nyumba yake, katika mzaha huo hugeuzwa kuwa chombo cha kurukia usiku, na abiria kutoka Kate huulizwa na watu asiowajua kwa nini amehangaika kulipa nauli.

Wanaoutetea mzaha huo huuita utani, na dai hilo linastahili kupimwa kwa kipimo cha utani wenyewe. Utani wa Tanzania ni taasisi, wala haulingani na uchekeshaji wa kawaida. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, milima ya Usambara, aliandika makala juu yake mwaka 1941 na tena mwaka 1944, akionyesha jinsi makabila mbalimbali ya Tanganyika yalivyounganishwa na mahusiano hayo, ambayo aghalabu huelezwa kuwa yalizaliwa na vita vya zamani au safari za misafara. Mtani anaruhusiwa kusema mbele ya maiti maneno ambayo mtu mwingine yeyote angepigwa kwa kuyasema, anaruhusiwa kuzuia jeneza hadi apewe chochote, na anayetaniwa hana ruhusa ya kukasirika. Lakini ruhusa hiyo ina gharama yake: mtani huyo huyo ndiye anayetarajiwa kufika msibani, kushika jembe la kuchimba kaburi na kuwahudumia wafiwa pale ambapo huzuni imewalemea. Tena utani ni wa pande mbili, kwani anayetania leo hutaniwa kesho kwa kipimo kile kile. Mtu asiye na wajibu wowote katika msiba wa Mfipa, na asiyekubali kurudishiwa neno, anatumia haki ambayo hakuilipia.

Jambo hili huwa zito zaidi kutokana na aina ya neno lenyewe. Kumwita mtu mvivu au mlafi kunaishia kwenye tabia, ilhali kumwita mchawi ni kumshtaki kwa kuua, na katika nchi ambayo wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya kushukiwa tu, macho yao yaliyoiva kwa moshi wa jikoni yakifanywa ushahidi, tuhuma ya namna hiyo haiwezi kuwekwa kapu moja na matani ya chakula na lafudhi. Neno hilo linawaumiza zaidi Wafipa kwa kuwa halifanani na sifa yao iliyoandikwa: mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1989 sura nzima ya kitabu akijaribu kueleza amani iliyowatambulisha watu hao.

Sheria ya Tanzania haikukaa kimya katika mambo haya. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hukataza lugha ya matusi inayoelekea kuvunja amani, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hukataza kumtukana mtu kwa njia ya kompyuta kwa sababu ya kabila, rangi au dini yake. Kifungu cha 202 cha Kanuni hiyo ya Adhabu, kinachoeleza hasira ya ghafla inayotokana na kuchokozwa, kinavutia zaidi kwa mwanaisimu, kwa kuwa hukitaja kitendo kiovu pamoja na tusi, kisha huagiza kwamba uzito wake upimwe kwa mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Kwa maneno mengine, mtunga sheria alikwisha kukubali kwamba neno moja halina uzito mmoja kila mahali, na kwamba anayejua linavyochoma ni jamii inayolisikia.

Kwa kipimo hicho, mzaha wa uchawi unaoelekezwa kwa mtu wa Ufipa na asiye mtani wake ni tusi, hata ukisemwa kwa tabasamu. Anayetaka kumtania Mfipa na aanze kwa kuwauliza wazee wake kama kabila lake na Wafipa ni watani. Akiambiwa kwamba si watani, amwulize abiria mwenzake habari za mvua na mavuno ya Kate.