Linux Inapochelewa Kuwaka: Pima Kabla ya Kulaumu Keneli

Ukipita kwenye stesheneri za Iringa, za Uhindini na hata zile za Kihesa zinazohudumia wanafunzi wa vyuo, utakuta kompyuta za mtumba ambazo zilimaliza miaka yake ya kwanza ya kazi Ulaya kabla ya kufika Nyanda za Juu Kusini. Linux inazifaa sana mashine hizo. Haina ada, haidai kompyuta mpya, na inaishi vizuri na kumbukumbu ndogo. Lakini ipo asubuhi ambayo mwenye stesheneri anaiwasha mashine iliyosasishwa jana, naye anaona kioo cheusi kwa dakika mbili au tatu, huku wateja wamepanga foleni na flashi zao mkononi. Neno la kwanza analosema ni kwamba keneli mpya imeharibu kompyuta.

Keneli ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi. Ndiyo inayogawa muda wa prosesa, kusimamia kumbukumbu na kuzungumza na diski, kioo na kibodi. Ile ya Linux ilitangazwa Agosti 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, mwenye umri wa miaka 21. Leo maelfu ya watu wanaichangia, na toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi. Kwa kuwa ndiyo iliyobadilika mara ya mwisho, ndiyo inayobeba lawama. Mara nyingi lawama hiyo si haki, na njia ya kulijua hilo ni kupima.

Tangu umeme uingie hadi ukurasa wa kuingia uonekane, kazi hupita hatua nne. Kwanza, programu iliyomo kwenye bodi kuu hukagua kumbukumbu na vifaa. Pili, kipakiaji, ambacho kwenye mashine nyingi ni GRUB, huitafuta keneli kwenye diski na kuipandisha. Tatu, keneli huamka, huvitambua vifaa, kisha hutumia mfumo mdogo wa muda uitwao initramfs ili ilifikie diski lenye mafaili yote. Nne, systemd huanzisha huduma moja baada ya nyingine, na nyingine kwa pamoja: mtandao, printa, sauti, ukurasa wa kuingia. Systemd ilianza mwaka 2010, na tangu mwaka 2015 Debian na Ubuntu zimeitumia kama kawaida yao.

Uzuri wake ni kwamba muda wa hatua hizo unaandikwa. Fungua terminali, andika systemd-analyze, nawe utapewa sekunde za kila hatua. Kwenye mashine za zamani zisizotumia UEFI, aina mpya zaidi ya ile programu ya bodi kuu, hatua mbili za mwanzo hazionyeshwi, kwa hiyo zipime kwa saa ya mkononi. Tuseme umepata keneli sekunde 6 na huduma dakika 1 na sekunde 48. Hapo jibu limeanza kuonekana: keneli imemaliza kazi yake mapema, na kinachochelewesha kiko hatua ya nne.

Amri ya pili ni systemd-analyze blame, inayopanga huduma kuanzia iliyotumia muda mrefu zaidi. Isomwe kwa uangalifu, kwa maana huduma nyingi huanza kwa pamoja, na iliyochukua sekunde 30 pembeni huenda haikumzuia yeyote. Inayoonyesha nani alimngoja nani ni systemd-analyze critical-chain. Hizo mbili zikisomwa pamoja, hutoa ushahidi unaotosha kuanza kutafuta chanzo.

Kuna namba moja ambayo kila fundi kompyuta anapaswa kuitambua: sekunde 90. Huo ndio muda ambao systemd, isipoelekezwa vingine, hungoja kitu kabla ya kukata tamaa. Ukiona kwenye kioo hesabu inayopanda kuelekea dakika 1 na sekunde 30, ujue kuna kifaa kinachongojwa nacho hakipo. Kwa kawaida ni sehemu ya diski iliyofutwa au kuumbwa upya, hasa eneo la swapu, lile linaloisaidia kumbukumbu inapojaa, huku namba yake ya zamani ya utambulisho ikiwa bado imeandikwa kwenye faili la /etc/fstab, orodha ya sehemu za diski zinazotumika. Ni kama basi lililokaa stendi ya Igumbilo likimngoja abiria ambaye jina lake limo kwenye orodha, kumbe alishahamia Mbeya. Tiba ni kulinganisha namba za fstab na zile zinazotolewa na amri ya blkid, kisha kusahihisha au kuufuta mstari usio na mwenyewe. Kwenye Debian na Ubuntu, namba hiyo ya zamani yaweza pia kubaki ndani ya initramfs, kwenye faili la resume, ikaongeza kungoja kwingine kabla systemd haijaanza. Ukishasahihisha, iumbe upya kwa amri ya update-initramfs -u.

Kwa nini basi tatizo lijitokeze siku ya sasisho? Kwa sababu sasisho la keneli ndilo linalotulazimisha kuizima mashine na kuiwasha upya. Kompyuta mpakato iliyokuwa ikifunikwa tu na kufunuliwa kwa wiki tatu haijapita hatua zile nne kwa wiki tatu. Kosa lililofanywa siku ya tano linaonekana siku ya ishirini na moja. Kwamba jambo limetokea baada ya jingine hakuthibitishi kuwa limesababishwa nalo.

Mazingira yetu yana visababishi vyake, na hapa Iringa ina historia ya kuheshimiwa. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Tumaini, tawi la Iringa, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari iliyobuniwa kwa kushirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland, miongoni mwao Erkki Sutinen na Matti Tedre. Wazo lao kuu lilikuwa kwamba teknolojia ifundishwe kwa kuanzia kwenye hali halisi ya mahali, kwa kuwa suluhisho lililobuniwa kwa maisha ya Ulaya haliji hapa likakaa vilevile. Wazo hilo linalifaa tatizo letu moja kwa moja.

Chukua diski za sahani zinazozunguka. Diski la mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, hivyo kwa wastani husubiri milisekunde 4 hivi ili data ipite chini ya kichwa cha kusomea, achilia mbali muda wa kichwa chenyewe kusogea. Kwa mwendo huo linasoma vipande vilivyotawanyika kama mia moja tu kwa sekunde. Diski la SSD halina kinachozunguka, nalo husoma makumi ya maelfu. Kuwasha mfumo ni kusoma maelfu ya mafaili madogo, na ndiyo maana hakuna mpangilio wa huduma utakaoiharakisha mashine kuliko kubadilisha diski. Diski chakavu nalo hujitangaza: amri ya dmesg itakuonyesha mistari ya makosa ya kusoma, na keneli ikirudia ombi lilelile mara kadhaa. Ukiiona, hamisha mafaili yako siku hiyohiyo.

Chukua umeme. Ukikatika ghafla, mfumo wa mafaili wa ext4 hurejesha kumbukumbu zake za mwisho unapowashwa, na wakati mwingine hudai ukaguzi mrefu zaidi. Chukua betri ndogo ya saa kwenye bodi kuu, ile ya CR2032 ya volti 3. Ikifa, kompyuta huamka ikiamini ni mwaka wa nyuma, ukaguzi wa diski hushangaa kukuta tarehe za wakati ujao, na tovuti salama hukataa kufunguka. Chukua pia mtandao wa modemu ya simu: huduma ya NetworkManager-wait-online hungoja mtandao ambao mtumiaji atauunganisha mwenyewe baadaye. Pasipo na huduma inayoutegemea, inaweza kuzimwa bila madhara.

Baada ya kuyaondoa hayo yote, ndipo keneli ifikishwe mahakamani. Rudia kuwasha mara mbili kwanza, kwani mara ya kwanza baada ya sasisho mashine yaweza kuwa inaunda upya draiva za ziada. Kisha shikilia Shift au bonyeza Esc mwanzoni, ingia kwenye menyu ya GRUB, na uchague keneli ya awali, ambayo Ubuntu huiacha makusudi. Ikiwa ya zamani inawaka haraka na mpya inachelewa, tena kila unaporudia, basi sasa una ushahidi. Amri ya journalctl -k -b itakupa kila ujumbe wa keneli na wakati wake. Tafuta pengo la sekunde nyingi kati ya mistari miwili.

Hilo limewahi kutokea kweli. Mwaka 2018 kasoro ya usalama ilirekebishwa katika namna keneli inavyotengeneza namba za nasibu, zinazohitajika kwa usimbaji fiche. Kuanzia hapo keneli ilikataa kuzitoa mpaka imekusanya entropia ya kutosha, yaani matukio yasiyotabirika kama mibofyo ya kibodi na ishara za diski. Baadhi ya mashine zikakwama zikingoja, na ziliendelea pale mtu alipobonyezabonyeza vitufe. Septemba 2019, toleo la 5.3 likikaribia kutoka, msanidi programu Ahmed S. Darwish aliripoti kwamba kompyuta yake mpakato haifiki ukurasa wa kuingia. Chanzo kilikuwa boresho lililopunguza usomaji wa diski katika ext4. Diski lilipofanya kazi kidogo, ishara zilipungua, entropia haikujaa, na programu iliyotaka namba za nasibu ikangoja bila mwisho. Torvalds aliliondoa boresho hilo Septemba 15, siku ileile toleo la 5.3 lilipotoka, ingawa halikuwa na kosa ndani yake. Kanuni yake ni kwamba kilichokuwa kikimfanyia mtumiaji kazi kisivunjwe. Toleo la 5.4, la Novemba 2019, lilikuja na njia ya keneli kujikusanyia entropia kutokana na mabadiliko madogo ya mwendo wa prosesa.

Na mkosaji hupatikanaje kati ya mabadiliko 14,000 ya toleo moja? Kwa kugawa nusu kwa nusu. Unajaribu keneli ya katikati. Ikiwa nzima, kosa liko nusu ya pili, ikiwa mbovu, liko nusu ya kwanza. Majaribio kama 14 yanatosha, kwa sababu mbili ukiizidisha kwa yenyewe mara 14 hupata 16,384. Amri ya git bisect hufanya hesabu hiyo, na mwanafunzi yeyote mwenye subira na mashine moja anaiweza.

Usitulie na keneli ya zamani ukidhani umepona, maana unabaki bila marekebisho ya usalama. Itumie kupata nafasi ya kuchunguza. Na ukigundua kosa ni la keneli, liripoti kwa wanaokuandalia Linux: taja toleo linalofanya kazi, toleo linalochelewa, aina ya mashine, na sekunde ulizopima. Wahadhiri wa Iringa na Mbeya wawape wanafunzi zoezi hili darasani, kwenye mashine zilezile za mtumba tulizo nazo. Ripoti yenye vipimo husomwa, itoke Helsinki au itoke Kihesa.