Pampu ya Pumu: Matumizi Salama na Dalili za Hatari

Wananchi wa Unguja na Pemba, pamoja na wafanyakazi wa Serikali, wanakumbushwa umuhimu wa kuitumia kwa usahihi dawa ya kuvuta ya kufungua kifua, ambayo wengi huiita pampu au inhela. Dawa iliyomo ndani ya pampu hiyo ni salbutamoli, na imewaokoa wagonjwa wengi wa pumu tangu ilipoanza kutumika nchini Uingereza mwaka 1969. Hata hivyo, dawa hiyo hiyo yaweza kumpumbaza mgonjwa, akadhani amepata nafuu kumbe maradhi yanazidi, akachelewa kufika hospitali. Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kuwawezesha wananchi kuielewa kazi ya pampu, kuitumia ipasavyo, na kutambua wakati ambapo haitoshi tena.

Kazi ya pampu

Pumu ni maradhi ya njia za hewa zinazoingia katika mapafu. Kwa mwenye pumu, kuta za njia hizo huwa na uvimbe hata siku ambayo mgonjwa hahisi chochote. Anapokutana na kitu kinachomdhuru, mathalani mafua, vumbi, moshi wa kuni au wa makumbi, moshi wa sigara, udi, ubani au dawa ya mbu ya kuchoma, hutokea mambo matatu. Misuli inayozunguka njia za hewa hukaza, uvimbe huongezeka, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobakia. Hapo ndipo kifua hubana na pumzi hutoka kwa sauti mfano wa filimbi.

Salbutamoli hushughulikia jambo la kwanza tu. Huilegeza misuli iliyokaza, na mgonjwa hupata nafuu katika muda wa dakika chache. Nafuu hiyo kwa kawaida hudumu baina ya saa 4 na 6. Uvimbe haiugusi. Dawa ya kupunguza uvimbe ni nyingine, nayo ni steroidi ya kuvuta, kama vile beklometasoni au budesonidi, ambayo hutumiwa kila siku kwa maagizo ya daktari hata kama mgonjwa hana dalili. Kwa kuwa steroidi haitoi nafuu ya papo hapo, wagonjwa wengi huiacha wakabakia na ile inayowafungua kifua upesi. Kufanya hivyo ni sawa na kukausha sakafu kila inaponyesha mvua na kuliacha paa likivuja.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu linalojulikana kwa jina la GINA lilibadili mwongozo wake. Tangu mwaka huo halipendekezi tena kwamba mtu mzima au kijana mwenye pumu atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Hapana budi apate pia dawa ya kuvuta yenye steroidi. Mgonjwa ambaye hajawahi kupewa dawa ya aina hiyo anashauriwa kumuuliza daktari anapohudhuria kituo cha afya.

Funzo la miaka iliyopita

Tahadhari hii haikutolewa bure. Katika miaka ya 1960 vifo vya pumu viliongezeka ghafla katika nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza na Australia, wakati zilipoenea pampu za isoprenalini yenye nguvu kubwa. Kuanzia mwaka 1976 hali kama hiyo iliikumba New Zealand, ambako dawa ya fenoteroli ilitumika sana. Vifo vilipungua baada ya matumizi ya dawa hiyo kudhibitiwa mwishoni mwa miaka ya 1980.

Salbutamoli ni salama zaidi kuliko dawa hizo mbili, lakini nayo inataka uangalifu. Uchunguzi wa vifo vya pumu uliotangazwa Uingereza mwaka 2014 uliangalia wagonjwa 165 waliokuwa wakitumia pampu za nafuu ya haraka na ambao idadi ya pampu walizoandikiwa ilijulikana. Kati yao, 65 walikuwa wameandikiwa zaidi ya pampu 12 katika mwaka mmoja kabla ya kufariki. Maana yake ni kwamba hatari ilikuwa imeonekana katika daftari la dawa muda mrefu kabla ya siku ya mwisho, ila hakuna aliyehesabu.

Kuhesabu ni kinga

Pampu ya kawaida ya salbutamoli ina mivuto 200. Mgonjwa ambaye hali yake imedhibitiwa, akivuta mara 2 kila anapobanwa na asibanwe zaidi ya siku 2 kwa wiki, hutumia mivuto 4 kwa wiki. Pampu yake humtosha takriban mwaka mzima. Anayemaliza pampu kila mwezi anatumia mivuto 6 au zaidi kila siku, na huyo yumo katika hatari hata kama anakwenda kazini na kurudi kama kawaida. Wataalamu huichukulia idadi ya pampu 3 au zaidi kwa mwaka kuwa ni onyo, na pampu 12 au zaidi kuwa ni dalili ya hatari ya kifo.

Hivyo basi, kila mgonjwa anashauriwa kuandika juu ya pampu, kwa kalamu isiyofutika, tarehe aliyoianza. Njia hiyo haigharimu kitu, na humpa daktari habari ambayo mgonjwa mwenyewe huenda akaisahau. Aidha, ifahamike kuwa kuitikisa pampu, au kuitia katika maji ili kuona kama inaelea, si kipimo cha dawa iliyobakia. Gesi ya kusukumia yaweza kuwemo hali dawa imekwisha.

Namna ya kuvuta

Sehemu kubwa ya dawa hupotea mdomoni na kooni endapo pampu haitumiwi sawasawa. Utaratibu ni huu:

(a) Ondoa kifuniko na utazame kuwa hakuna uchafu au kitu kilichoingia mdomoni mwa pampu.
(b) Itikise vizuri. Ikiwa ni mpya au haikutumika kwa siku nyingi, ibonyeze hewani kwanza kama maelezo yake yanavyoagiza.
(c) Kaa wima au simama, kisha toa pumzi taratibu mpaka mwisho.
(d) Ibane pampu kwa midomo pasiwe na upenyo.
(e) Anza kuvuta pumzi polepole, ubonyeze mara moja, na uendelee kuvuta mpaka kifua kijae.
(f) Zuia pumzi kwa muda wa kuhesabu 10, au kadiri utakavyoweza.
(g) Subiri nusu dakika hadi dakika moja kabla ya mvuto wa pili.

Kosa lililozoeleka ni kubonyeza kwanza na kuvuta baadaye, au kubonyeza mara mbili mfululizo kwa pumzi moja. Anayetumia steroidi ya kuvuta asukutue mdomo kwa maji na kuyatema baada ya kila matumizi, ili asipate utando mweupe mdomoni.

Watoto, wazee na kila anayeshindwa kulinganisha kubonyeza na kuvuta watumie chombo cha kati kiitwacho spesa. Pasipo na spesa ya dukani, chupa ya plastiki ya nusu lita yaweza kutumika. Mwaka 1999 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, ulioonesha kuwa kwa watoto waliobanwa na pumu, chupa ya namna hiyo iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Kikombe cha povu ndicho kilichofanya vibaya zaidi. Chupa huoshwa kwa maji ya sabuni, huachwa ikauke yenyewe bila ya kufutwa, kisha hutobolewa kitako tundu linalolingana na mdomo wa pampu, na pembezoni huzibwa hewa isipite. Mgonjwa huvuta kwa upande wa mdomo wa chupa. Inafaa wazee waoneshwe namna ya kuitengeneza na mtaalamu wa afya kabla ya siku ya dharura.

Tahadhari

Mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na kichwa kuuma ni mambo yanayoweza kutokea baada ya kuvuta salbutamoli, nayo kwa kawaida huondoka baada ya muda mfupi. Maumivu ya kifua au moyo kwenda kombo ni sababu ya kumuona daktari bila ya kuchelewa.

Mwenye pumu asimeze propranololi, inayotumika kwa shinikizo la damu na maradhi ya moyo, wala asitie timololi machoni, kabla ya kumweleza daktari kuwa ana pumu. Dawa hizo zaweza kuibana mirija ya hewa na kuizuia salbutamoli isifanye kazi. Wapo pia wagonjwa ambao aspirini huwabana kifua. Mama mjamzito asiache dawa zake za pumu, kwani mtoto tumboni huathirika mama anapokosa hewa. Vidonge vya salbutamoli huchelewa kufanya kazi na huleta mtetemo mwingi kuliko pampu; visitegemewe wakati wa kubanwa.

Pampu isiachwe juani, ndani ya gari lililofungwa au karibu na jiko. Wala isitobolewe au kuchomwa moto hata ikiwa tupu. Kadhalika, kumpa jirani pampu kwa sababu naye anakohoa hakufai kuwa mazoea. Si kila kubanwa na pumzi ni pumu. Maradhi ya moyo, kichomi na kifua kikuu huanza kwa dalili zinazofanana, na mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi anatakiwa kupimwa kifua kikuu.

Mwezi wa Ramadhani

Imezoeleka baadhi ya wagonjwa kuacha dawa zote mwezi wa Ramadhani. Wanazuoni wana kauli mbalimbali juu ya pampu kwa aliyefunga, na anayetaka hukumu na awaulize masheikh. Kwa upande wa tiba, steroidi ya kila siku mara nyingi huweza kupangwa wakati wa futari na wa daku, na mgonjwa azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama. Ama aliyebanwa mchana asisubiri adhana ya magharibi. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyengine, na roho ikitoka hailipwi.

Dalili za hatari

Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja anapoonekana na mojawapo ya dalili hizi: hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mbavu au shingo za mtoto zinaingia ndani anapovuta hewa, midomo au kucha zimegeuka rangi ya buluu, amelegea, anasinzia au amechanganyikiwa, nafuu ya pampu haikudumu saa 3, au sauti ya filimbi imetoweka ilhali mgonjwa bado anahangaika. Dalili hii ya mwisho huwadanganya wengi. Kifua kilichonyamaza kwa mgonjwa anayehangaika si kifua kilichopona, bali hewa haipiti tena.

Mgonjwa aketishwe wima, asilazwe. Apewe mvuto mmoja kwa spesa avute pumzi 4, kisha wa pili vivyo hivyo, mpaka itimie mivuto 4. Asubiriwe dakika 4. Asipopata nafuu, safari ianze na mivuto 4 irudiwe kwa utaratibu huo huo njiani. Katika hali hii hapana haja ya kuogopa wingi wa dawa. Linaloua ni kukosa hewa na kuchelewa.

Jambo hili linawahusu zaidi wakaazi wa visiwa vidogo kama Tumbatu, Fundo na Makoongwe, ambako safari ya kwenda hospitali kubwa huanza kwa chombo na hutegemea bahari na nahodha. Kwao, saa ya kuondoka ni pale pampu inapoanza kupoteza nguvu mchana, si pale inaposhindwa kabisa usiku wa manane. Familia yenye mgonjwa inashauriwa kukubaliana mapema na mwenye chombo, na kumjuulisha sheha.

Wajibu wa ofisi na skuli

Wakuu wa ofisi wanahimizwa kumruhusu mfanyakazi mwenye pumu kuwa na pampu yake mahali pa kazi, na kutomweka katika chumba chenye vumbi la majalada ya zamani pasipo lazima. Walimu nao wanaombwa wasiifungie pampu ya mwanafunzi kabatini mwa ofisi. Mtoto anayejua kuitumia akae nayo, na yule mdogo iwe karibu na mwalimu wake, hasa wakati wa michezo.

Kila mgonjwa anapokwenda kituo cha afya achukue pampu zake zote, zilizokwisha na zinazotumika, amuoneshe mtaalamu namna anavyovuta na amwambie ilidumu siku ngapi. Iliyodumu mwaka ni habari njema. Iliyodumu mwezi isibadilishwe kwa nyengine bila ya mgonjwa kupimwa upya.