Degedege na Mishipa ya Fahamu



Msimu wa kuchuma ukimalizika, wengi wetu huvuka bahari kwenda Tanga, na kutoka huko hadi Korogwe na Handeni kuwatazama jamaa, na watoto wetu tunakwenda nao. Kwa hiyo tumeona yafaa safari hii tuweke kando habari za bei na mizani, tuzungumze juu ya degedege. Na ili jambo hili lifahamike sawasawa, yatubidi kwanza tuieleze chembe ya mshipa wa fahamu.

Ubongo wa mtu una chembe hizo zipatazo bilioni 86. Umbo la chembe moja twaweza kulifananisha na mkarafuu. Ina matawi ya kupokelea habari, na ina uzi mmoja, mfano wa shina, unaozipeleka habari hizo hadi kwenye vijizizi vyake. Nyuzi nyingine ni fupi mno, na nyingine hutoka chini ya uti wa mgongo hadi kwenye vidole vya mguu, kadiri ya mita 1.

Habari hizo husafiri kwa umeme. Chembe husukuma sodiamu nje na kuvuta potasiamu ndani, kama mtu anayejaza tangi na kungoja. Ikiguswa, vilango vyake hufunguka, sodiamu huingia kwa ghafla, na umeme hupita katika uzi. Nyuzi nene zilizovikwa mafuta huweza kupitisha habari kwa mwendo wa karibu mita 100 kwa sekunde. Mwisho wa uzi pana ufa mwembamba. Hapo chembe humwaga kemikali, nayo huvuka na kuiamsha chembe ya pili, au kuituliza. Maana zipo chembe za kuamsha na zipo za kutuliza, na salama ya ubongo ni mizani baina yao.

Kazi hii yataka chakula kingi. Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wake, lakini hutumia kiasi cha sehemu 20 katika 100 za nguvu za mwili uliopumzika. Basi mtoto akishikwa na malaria kali, chembe za damu zenye vijidudu hunata katika mishipa midogo ya ubongo na kuzuia damu, na pengine sukari ya mwili nayo hupungua. Mizani ile huharibika, chembe nyingi zikapiga umeme kwa mara moja, kama watu wote kituoni wapige kelele pamoja hata karani asisikie lolote. Mwili hukakamaa na kutetemeka, macho yakapinduka. Hilo ndilo degedege. Si ndege aliyepita juu ya nyumba, wala si shetani. Wala hatusemi kila degedege ni malaria. Homa nyingine huleta, na ugonjwa wa utando wa ubongo pia. Ndiyo sababu mtoto apimwe.

Utafiti uliofanywa katika wilaya za Handeni na Kilosa na kutangazwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa wapo wazazi walioanza na tiba za kienyeji mtoto alipopatwa na degedege. Na pwani yote twaijua ile kauli kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa. Sasa tazameni yaliyoonekana Korogwe. Baina ya 2005 na 2010 hospitali ya huko ilikuwa miongoni mwa hospitali za nchi 9 za Afrika zilizolinganisha dawa mbili kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Waliopewa kwinini walikufa 10.9 katika kila 100, na waliopewa artesuneti walikufa 8.5. Dawa zote mbili zilitolewa kwa sindano. Basi anayekufa baada ya sindano, mara nyingi ni yule aliyefikishwa hospitali akiwa amechelewa, na lawama ikaangukia sindano.

Ikiwatokea, mlazeni mtoto kwa ubavu, msimtie kitu kinywani, wala msimbane viungo. Kisha mpelekeni hospitali papo hapo. Na kama mmerudi kutoka bara na mtoto akapata homa, msingoje degedege. Mpelekeni siku hiyo hiyo, na mwambieni daktari mlikotoka, kwani visiwani malaria imepungua sana na pengine hataidhania.

Wazee wetu walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Twawatakia safari njema na kurudi salama.

Katibu