Mashine ya Kupasulia Kuni: Namna ya Kuichagua kwa Usalama wa Vidole na Mapafu

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hususan Mufindi, Njombe na Makete, kuni si nishati ya jikoni pekee. Baridi ya Juni na Julai huzifanya ziwe pia chanzo cha joto la nyumba. Mashamba ya misonobari na mikaratusi hutoa magogo mengi, na kazi ya kuyapasua kwa shoka huchukua nguvu na muda. Ndiyo maana mwenye shamba la miti, muuza kuni au msimamizi wa shule ya bweni huweza kufikiria kununua mashine ya kupasulia kuni inayoendeshwa kwa injini ya petroli. Aghalabu swali lake la kwanza huhusu nguvu, na la pili bei. Makala haya yanashauri swali jingine litangulie: kabari inaposogea kuelekea gogo, mikono ya mwendeshaji itakuwa wapi?

Kwa nini kuni zipasuliwe

Gogo lililokatwa karibuni laweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake. Ganda huyazuia maji hayo yasitoke kwa urahisi. Gogo likipasuliwa, sehemu ya ndani hupata hewa na kukauka upesi zaidi. Kuni mbichi hutumia sehemu ya joto lake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake. Moto hupoa, na moshi huwa mwingi. Kuni zinazofaa kuchomwa ni zile ambazo unyevu wake umeshuka chini ya asilimia 20. Dalili zake ni nyufa kwenye ncha, wepesi, na mlio mkavu zinapogonganishwa.

Jambo hili lina uzito kiafya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Kuni kavu hupunguza moshi, lakini haziuondoi. Mgonjwa wa pumu, au mwenye ugonjwa mwingine sugu wa mapafu, bado anahitaji jiko bora, dohani au dirisha lililo wazi, na akiweza nishati safi zaidi.

Je, mashine inahitajika?

Familia inayopikia kuni chache kwa siku haina sababu ya kununua mashine. Shoka lenye makali, kabari ya chuma na nyundo nzito hutosha, hasa kwa msonobari, ambao hupasuka kwa urahisi. Mkaratusi ni mgumu zaidi kwa sababu nyuzi zake husukana. Ni vema upasuliwe ungali mbichi, kisha kuni zipangwe juu ya vibao, chini ya paa, pande zikiachwa wazi, kwa miezi sita au zaidi.

Mashine huwafaa wenye kuni nyingi na wale ambao mgongo au mabega yao hayastahimili tena kazi ya shoka. Hata hivyo, mashine haimwondolei mtu kazi ya kunyanyua. Mwenye maumivu ya mgongo, ngiri au ugonjwa wa moyo ashauriane kwanza na mhudumu wa afya, na akikubaliwa, atafute mashine inayoweza kusimamishwa wima, ili gogo zito livingirishwe hadi kwenye kabari badala ya kunyanyuliwa.

Namna inavyofanya kazi

Katika mashine nyingi za aina hii, injini huzungusha pampu, pampu husukuma oili ndani ya silinda, na oili husukuma pistoni. Pistoni hulisukuma gogo kwenye kabari, au huisukuma kabari kwenye gogo. Nguvu yake hutokana na mambo mawili: shinikizo la oili na ukubwa wa silinda. Silinda yenye kipenyo cha sentimita 10, ikipokea shinikizo la baa 200, hutoa nguvu ya takriban tani 16. Silinda ya sentimita 12.7, kwa shinikizo hilohilo, hutoa takriban tani 26. Kwa hiyo muuzaji akitaja tani, mnunuzi aulize kipenyo cha silinda na shinikizo la pampu, kisha alinganishe.

Kwa magogo ya kawaida ya nyumbani, tani 20 hadi 25 kwa kawaida hutosha. Tani nyingi zaidi si lazima ziwe faida: silinda kubwa inayolishwa na pampu ileile huhitaji oili zaidi ili ijae, na hivyo husogea polepole.

Ziko pia mashine zisizotumia oili, ambazo huhifadhi nguvu katika gurudumu zito linalozunguka. Hizo hupasua gogo kwa sekunde chache tu, na kwa sababu hiyo humpa mwendeshaji muda mdogo mno wa kuondoa mkono. Hazimfai anayeanza.

Mambo ya kukagua kabla ya kununua

Kwanza, udhibiti wa mikono miwili. Mashine iliyo salama zaidi haisogei mpaka mikono yote miwili ishike wenzo zake, na husimama mkono mmoja unapoachia. Kanuni za usalama za Ulaya huutaka mpangilio huu. Mashine yenye wenzo mmoja huuacha mkono wa pili huru, na mkono ulio huru ndio unaokwenda kulishikilia gogo.

Pili, mipira ya oili. Iwe na kifuniko, isiwe na nyufa, na isipite karibu na bomba la moshi la injini.

Tatu, vishikio vinavyolizuia gogo lisianguke kabla na baada ya kupasuka.

Nne, upatikanaji wa vipuri na oili mahali unapoishi. Mashine iliyotengenezwa kwa kubahatisha, au iliyofungiwa wenzo kwa kamba ili ifanye kazi kwa mkono mmoja, ni hatari kuliko shoka.

Wakati wa kazi

Mtu mmoja aiendeshe mashine peke yake. Ajali mbaya hutokea pale mmoja anapopanga gogo na mwingine anapovuta wenzo. Anayesaidia alete magogo na kuondoa kuni pistoni ikiwa imesimama, wala asiguse sehemu ya kupasulia. Watoto wawe mbali. Kanga, shuka na mikono mirefu ya nguo isiyobana visivaliwe karibu na mashine. Miwani ya kinga, viatu vigumu na vizibo vya masikio vivaliwe, kwani kelele ya injini huweza kuzidi desibeli 85, kiwango ambacho kwa muda mrefu hudhuru usikivu.

Injini iwashwe nje, kamwe si ndani ya banda, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Petroli iongezwe injini ikiwa imezimwa na kupoa.

Oili inapovuja, usitafute tundu kwa kupapasa mpira. Zima injini. Fundi anayelazimika kutafuta tundu hupitisha kipande cha boksi, si kidole.

Kwa mhudumu wa afya

Onyo hilo la mwisho lina sababu nzito. Oili yenye shinikizo kubwa hupenya ngozi kupitia tundu dogo kama la sindano, kisha husambaa katika ala za kano na tishu za mkono. Mgonjwa huweza kufika zahanati akiwa na alama ndogo na maumivu kidogo, akaomba dawa ya maumivu arudi kazini. Asirudishwe. Baada ya saa chache mkono huvimba, mishipa ya damu hubanwa, na kidole huweza kupotea. Jeraha hili ni dharura ya upasuaji. Ondoa pete, inua mkono, toa kinga ya pepopunda inapohitajika, anza antibiotiki kwa mujibu wa mwongozo, na mpe rufaa mara moja. Usichome sindano ya ganzi kwenye shina la kidole, kwa kuwa huongeza shinikizo ndani yake. Katika barua ya rufaa taja aina ya oili na saa ya ajali.

Kidole kilichokatika hushughulikiwa hivi: zuia damu kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi na kuinua mkono. Kifunge kidole katika kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo kwa maji ya chumvi ya hospitali, kitie katika mfuko wa plastiki usiovuja, kisha uweke mfuko huo katika maji yenye barafu. Barafu isikiguse kidole. Familia ielezwe ukweli kwa upole: mashine hii huponda, haikati kwa usafi kama panga, hivyo si kila kidole kitaweza kuunganishwa.

Aliyevuta moshi wa injini naye huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu. Mtoe nje, mpe oksijeni, wala usitulizwe na kipima oksijeni cha kidoleni. Chaweza kuonyesha kiwango cha kawaida ilhali mwili umekosa hewa.

Mnunuzi mwenye busara, basi, ataijaribu mashine kabla ya kulipa. Aiwashe bila gogo, ashike wenzo mmoja tu, aone kama pistoni itasogea. Ikisogea, atafute nyingine. Kuni zaweza kusubiri wiki nyingine zikikauka. Kidole kilichopondwa hakisubiri.